Vioo vya Rangi vya Wete

Mimi ni mtu wa ndani. Sijisifu wala sijuti, naeleza tu, kama mtu anavyoeleza kuwa ana kisukari. Watu wa Tibirinzi wananijua kwa dirisha. Anayetaka pazia husimama nje, akataja rangi na urefu, nami namjibu bila kunyanyuka kwenye charahani. Nimezaliwa Pemba, nimesoma Pemba mpaka kidato cha nne, nimeolewa Pemba, na Pemba yenyewe siijui. Nasikia kuna Kisiwa Panza huko kusini, na watu wake ni wavuvi, wakarimu. Sina sababu ya kubisha, lakini ushahidi wa macho siwezi kutoa. Mume wangu husema siku akinipoteza hatohangaika kutangaza redioni, atainua mto tu.

Kwa hiyo kaka yangu aliponipigia kutoka Maskati kusema anakuja, nilifurahi. Safari ninayoipenda ni ile ya mwenzangu: yeye apande ndege, mimi nichemshe chai.

Furaha yenyewe haikudumu, maana alinieleza anajia nini. Alikuwa na presha ya macho. Uoni wake ulikuwa unaliwa kutoka pembeni kuja katikati, na alichobakiwa nacho ni duara, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Madaktari walikwishamaliza ya kwao. Walimwambia duara lile nalo litafunga, pengine kabla ya mwaka kwisha. Wanawe, ambao ni watoto wema na wana kazi nzuri, wakaona wamfanyie jambo. Wakamchukulia chumba katika hoteli ya kaskazini mwa Pemba, kule kwenye mchanga mweupe. Baba akaione bahari ya kwao kabla. Hawakumalizia hiyo sentensi, aliimalizia mwenyewe.

Alilala hoteli usiku mmoja. Siku ya pili alasiri nikasikia gari nje ya dirisha langu, na nilipotazama nikamwona anashuka na sanduku lake, anageuza kichwa huku na huku kama kuku anayetafuta punje. Nilikuwa sijamwona kwa miaka mingi. Ndevu zimekuwa nyeupe zote, kanzu imenyooka, na mguu mmoja unaipima ardhi kabla ya kuiamini.

"Mbona umerudi, kaka? Wamekufukuza?" nikamwuliza.

"Wananiuliza yai nalitaka vipi," akasema. "Nikawajibu, la kuku. Wakacheka, wakaniuliza tena."

Nikampa chai. Akaitafuta sahani ya vitumbua kwa vidole, nami nikajifanya natazama sindano. Kisha akaniambia kilichomrudisha, akasema taratibu, maana alikuwa amekifikiria tangu ndegeni.

"Bahari nitaisikia. Hata macho yakifa, ukinisimamisha ufukweni nitajua nipo ufukweni. Inanguruma, inanuka, inakupiga miguuni. Lakini ukuta je? Ukuta hausikiki. Miye nimekuja kuona kuta."

Kuta alizozitaka zilikuwa za miji. Chake ya zamani, magofu ya Pujini, na mwisho Wete, nyumba tuliyozaliwa. Nikamwambia ni fikra nzuri sana, na nikamtajia jirani mmoja anayejua kutembeza wageni. Akasema hataki anayejua, anataka mimi. Nikamweleza kuwa nina pazia za bi harusi hazijatiwa mshono.

"Konokono," akasema, na hilo ndilo jina alilokuwa akinitania nalo tangu utoto, "beba nyumba yako twende."

Tukaanza na Chake. Toka Tibirinzi si mbali, hata mimi nilifika bila kufa. Masika yalikuwa yameingia, mawingu yameketi juu ya paa na njia zina utelezi. Kaka alinishika mkono, nikawa namwongoza mimi, mtu ambaye katika mji ule naijua njia ya duka la nyuzi na ya hospitali. Alikuwa anasimama kila hatua chache. Akiona nyumba ya zamani, hutafuta pembe yake moja kwa lile duara la macho, kisha hulisogeza polepole kando ya ukuta, akaipitia roshani, akayapitia mabati, akashuka mpaka mlangoni. Nyumba moja ilimchukua muda wa kupika wali. Watu walikuwa wanatuamkia, "Shikamoo mzee, shikamoo bi," wakipita, wakigeuka kututazama.

"Inama kidogo, utadonoa," nikamwambia.

"Na weye funga mdomo, nzi wataingia. Hujapata kuiona hii nyumba?"

Sikuwa nimepata kuiona. Roshani yake ilikuwa imeegemezwa kwa gogo la mnazi, na kwenye nakshi za mlango kumetundikwa vocha za simu. Nimepita pale tangu nina ushungi wa shule. Nilitaka kumwambia kuwa mimi huangalia chini nisijikwae, lakini yeye ndiye aliyekuwa na haki ya maneno hayo.

Kesho yake akakodi gari, tukaenda Pujini. Dereva alikuwa mtu wa makamo, mpole, ila alishindwa kuelewa kwa nini wazee wawili waende kutazama mawe kwenye mvua wakati kuna hoteli. Akauliza mara moja, akauliza mara ya pili kwa njia nyingine, kisha akawasha redio.

Pujini paliwahi kuwa mji, wenye boma na msikiti na mtawala wake. Kilichobaki ni mashina ya kuta yaliyofunikwa majani, kama meno ya mzee. Hadithi ya mtawala yule kila mtoto wa Pemba huisikia: aliwabebesha watu mawe kichwani huku wakisota kwa makalio, asiruhusu mtu anyanyuke. Kaka akasema mimi ningelifaa sana zama zile, maana kukaa ndiyo kazi yangu. Nikamwambia angalau boma langu lingesimama mpaka leo.

Kuna na kisima. Husemwa mtawala alikuwa na wake wawili wasioweza kuonana, akajenga ukuta ukashuka mpaka majini, kila mmoja akachota upande wake. Kaka akasimama pale muda mrefu, mvua inamdondoka puani. Kuna kitu alikuwa anakitafuta asikipate. Mwishowe akaniambia nimweleze.

"Nikueleze nini?"

"Unachokiona."

Nikasema naona shimo, na majani, na ukuta kidogo. Akangoja. Nikasema hayo tu.

"Basi Mungu anisaidie," akasema. "Ndiyo macho niliyobakiwa nayo haya."

Alisema kwa kutania, lakini njiani nilitazama nje ya kioo cha gari.

Siku ya tatu tukaenda Wete. Humo garini ndimo aliponieleza habari ya vioo, nami sikuwa nimepata kuisikia. Nyumba ile ilitoka mikononi mwetu mimi nikiwa mchanga, wakawekwa watu wengine, na watu wengine hao hawana kosa lolote. Sina hata chembe ya kumbukumbu yake. Kaka ndiye aliyekuwa mtoto wa kuelewa mambo. Alisema juu, kwenye chumba cha mama, palikuwa na mlango wa kutokea roshani, na juu ya mlango vioo vya rangi vimepangwa nusu duara. Chumba kilitazama magharibi. Ikifika alasiri jua liliingia kupitia vioo vile na kumwaga rangi sakafuni, kijani, buluu, manjano, na katikati wekundu mpana kama mkeka. Yeye alikuwa akisimama kwenye kijani, mguu mmoja, mpaka kisogee.

"Na wekundu?"

"Wekundu ulikuwa wako. Mama alikulaza hapo hapo, usingizi wako wa alasiri. Ulikuwa ukiiva kama ndimu ya achari. Nikimwambia mama, mtoto huyu amekuwa shetani."

Akacheka, akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Macho yake yalikuwa yanatoka machozi yenyewe kwa dawa anazotia, kwa hiyo sijui alifuta yapi. Akasema katika vyote alivyoviona duniani, na ameviona vingi, hakuna anachotaka zaidi kukitia machoni mara ya mwisho kuliko rangi zile juu ya sakafu ile. Hoteli haikuwa nazo. Ndilo lililomleta.

Dereva akatushusha barabara ya juu, akasema ana shemeji yake mtaa wa Jadida, atakwenda kumjulia hali. Tukateremka mtaani kwa miguu. Nyumba tuliiona, ghorofa moja, chokaa imebambuka, chini duka lililofungwa. Roshani ilikuwa bado ipo, imeinama upande kama mtu anayesikiliza. Kaka akasimama katikati ya njia. Akalitafuta dirisha kwa lile bomba lake, akalipata, akapumua.

Akapanda vidaraja vya mlangoni, akapiga hodi. Akangoja. Akapiga ya pili. Mwanamke aliyekuwa akipepeta mchele kwenye baraza ya jirani akatwambia, bila kunyanyua kichwa, kuwa juu kuna eda.

Kaka hakupiga hodi ya tatu. Akateremka kinyumenyume.

Mwenye nyumba alikuwa amefariki mwezi ule, akasema yule mwanamke, na mkewe amekaa chumba cha juu, kile cha roshani. Mjane aliye edani haonani na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, jamaa asiyeweza kumwoa, wala haipendezi sauti yake isikike na wanaume, mpaka muda wake utimie. Watu wote wa pale wanalijua hilo kama wanavyojua njia ya msikitini. Kaka naye alilijua. Akaenda akakaa kwenye baraza ng'ambo ya njia, mikono juu ya magoti. Na mimi nikabaki mlangoni, maana mimi ni mwanamke, na mlango ule kwangu ulikuwa wazi.

"Nenda kampe pole," akaniambia. "Umeshafika, usiondoke kama mwizi."

Ngazi ilikuwa ya mawe, imelika katikati. Juu nilimkuta bibi wa rika langu, amevaa nguo nyeupe zisizo na pambo, amekaa juu ya mkeka na mgongo ukutani. Nikampa mkono, nikamwombea subira, nikamwambia mimi ni nani. Nilikuwa na hofu kidogo. Ni kitu kigumu kumwambia mtu kuwa nilizaliwa ndani ya chumba chako. Lakini alinitazama, akanisogezea mkeka.

"Najua," akasema. "Wazee wetu walikuwa wakisema. Nyumba ya nani hii, twaijua siye."

Nikamweleza habari ya kaka na macho yake na rangi. Nilidhani naeleza kwa kifupi, kumbe nilisema yote. Akajizongazonga kutaka kuinuka, akitafuta pa kushika.

"Mwambie apande. Miye nitaingia chumba cha uani, niteremshe pazia, wala hatoniona. Ntu na macho yake yenda, nimzuie nini?"

Nikateremka mbio, kwa kiasi cha mbio zangu, nikavuka njia, nikampa kaka habari njema. Nilijiona nimefanya jambo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hahamishwi," akasema.

Nikamwambia amejitolea mwenyewe, kwa moyo wake, ni chumba cha pili tu, hatua chache, dakika moja. Nikasema mengi. Yeye anatazama chini, na chini hakuoni.

"Mama alikaa eda chumba kile kile," akasema. "Baba hajatimiza arubaini, zikaja zile siku za mapinduzi, tukaambiwa tutoke. Mama hakutaka kutoka, muda wake haujesha. Wanawake wa mtaa wakamfunika shuka, wakamzunguka, wakamteremsha ngazi ile kama inavyoteremshwa jeneza. Weye mgongoni kwa shangazi. Miye nimetangulia mbele, nawaambia wanaume wageuze nyuso." Akageuza kichwa kuelekea mlangoni. "Na walizigeuza. Nasema haki. Wote walizigeuza."

Mwanamke wa baraza ya jirani alikuwa ameacha kupepeta.

"Sasa leo miye nije nimwinue mjane wa mtu, chumba kile kile, nipate kutazama vioo?"

Mama aliishi kwangu Tibirinzi mpaka alipofariki, na neno hili hakunipa. Nilichokumbuka pale, nimesimama njiani na viatu vimeingia maji, ni kuwa mama hakupata kuteremka ngazi mbele ya watu. Tukimpeleka hospitali husubiri mpaka ngazi ya pale iwe tupu, ndipo ashuke, na ushungi ameuvuta mpaka machoni. Sisi tulidhani ni magoti.

"Panda weye," kaka akasema. "Nenda roshani, unitazamie, uniambie."

Nikapanda tena. Nilimweleza yule bibi kwa nini kaka amekataa. Alikuwa bado ameshika ukuta, hajaketi. Akaketi. Akavuta nguo yake nyeupe akafunika miguu, na mimi sikujua nisimame wapi katika chumba chake.

Kwa hiyo nikafungua mlango wa roshani, nikatoa kichwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikapiga kelele mtaani.

"Kaka, vioo vipo."

"Vingapi?"

Nikarudi ndani nikatazama juu. Vilikuwa vichafu, vina moshi na vumbi na utando wa buibui. Nikasema vipo kadha wa kadha. Akauliza rangi. Nikasema nyekundu, manjano, buluu. Akauliza kijani. Nikatafuta kijani nisikione, na nikasikia nyuma yangu yule bibi ananong'ona, sauti yake isifike chini.

"Mwambie cha kijani kilipasuka. Marehemu alitia bati la mafuta ya kula."

Nikatoka roshani nikasema kijani kilipasuka, pana bati.

"Bati la rangi gani?"

Yule bibi akanong'ona kuwa zamani lilikuwa la manjano, sasa ni kutu. Nikalipeleka hilo nje. Kaka akauliza boriti za dari. Nikatazama. Akauliza vidaka, vile vishimo vya kuwekea taa ukutani, vipo? Nikahesabu, nikakosea, yule bibi akanirekebisha, nikajirekebisha kwa sauti. Ilikuwa hivyo, mtu mmoja anauliza njiani, mwengine anajibu mkekani, na kati yao mimi nakwenda na kurudi kama sindano kwenye kitambaa. Majirani wametoka kwenye baraza zao. Kitu nilichokikimbia maisha yangu yote, kutazamwa na mtaa, kilikuwa kimenipata kikamilifu, na sikuwa na nafasi ya kuona haya.

"Na sakafuni?" kaka akasema mwishowe. "Sakafuni pana nini?"

Nikatazama sakafu. Ilikuwa ya saruji, kijivu. Nje mawingu yalikuwa mazito kama blanketi lililolowa, hakuna jua hata la kuazima.

Ningeweza kusema. Kutoka kule chini asingelijua. Yule bibi alinitazama, nami nikamtazama, na nadhani sote wawili tuliliwaza neno moja. Lakini aliyenituma alikataa kitamu siku ile kwa sababu ya adabu, sikuona kwa adabu ipi nimpe cha uongo.

"Hapana kitu, kaka. Kumefunga."

Akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akapangusa kanzu.

Tulirudi siku iliyofuata, mvua ikanyesha tangu asubuhi. Tulirudi na nyingine. Kila siku nampandia yule bibi na kitu mkononi, mkate wa mofa, ndizi, na kila siku tunakaa tunatazama sakafu ya kijivu, na kaka amekaa ng'ambo chini ya mwavuli. Hoteli waliendelea kumpigia simu kuuliza kama atarudi kulala. Siku ya ndege yake ikafika. Uwanjani alinishika uso kwa mikono miwili, akausogeza mbele ya lile duara lake, akaupitia kama alivyozipitia nyumba za Chake, paji, pua, kidevu.

"Umezeeka vibaya," akasema.

"Chokaa imebambuka," nikamwambia.

Duara lilifunga mapema kuliko walivyosema. Binti yake ndiye aliyenipigia. Yeye mwenyewe alinipigia baada ya wiki, sauti yake ya kawaida, akaniuliza ile roshani ya Chake iliyoegemezwa kwa gogo, bado imesimama?

Sikujua. Nikamwambia nitamuuliza mume wangu. Akasema hakumwuliza mume wangu.

Nikavaa baibui nikatoka. Mume wangu akauliza nani amefariki. Majirani nao wakaniuliza nani amefariki, na ilibidi niwajibu kuwa wote wazima kwa ninavyojua. Roshani ilikuwa imesimama. Nikasimama mbele yake nikaitazama kutoka pembe, polepole, mpaka mlangoni, nikarudi nikamweleza. Akawa na maswali mia. Siku nyingine akaniuliza nyumba nyingine, na nyingine. Hivyo ndivyo nilivyoijua Chake, mji niliokuwa nikiishi ubavuni mwake: kwa kutumwa. Na naweza kusema kuwa nimeanza kuujua wakati mbaya. Kila nikienda kuna kitu kimepungua. Mvua za mwisho ziliangusha ukuta mmoja wa nyuma, ukabaki mlango wenyewe umesimama na kufuli lake, nyuma yake mapapai. Nyumba moja imevunjwa, pamewekwa matofali ya saruji. Ile roshani ya gogo, siku moja nilikwenda nikakuta gogo tu.

Yote nilimwambia. Alikuwa anashukuru, anakata simu, na baadaye anapiga tena kuuliza mapapai yamefika wapi.

Kipupwe kilikuwa kimekolea, siku kavu, anga limesuguliwa, nilipopata simu ya yule bibi wa Wete. Eda yake imekwisha, akasema, ameshaoga, ameshaombewa dua. Wanawe wanamchukua Unguja, kesho anaondoka, na nyumba itafungwa, hajui itakuja kufunguliwa na nani. Kisha akasema lililomfanya apige.

"Mlete kaka yako. Mwambie sasa hapana ntu wa kuhamishwa. Siku zote zile nimekaa nalo hilo, nasema nikitoka tu, jambo la kwanza. Na jua sasa laingia kila siku, dada yangu. Laingia mpaka kwenye mkeka."

Nilimwambia nitakuja. Sikumwambia zaidi.

Nikaenda peke yangu, mimi, kwa gari ya abiria, mpaka Wete, na kama hilo si jambo la ajabu basi hunijui. Alikuwa ananingoja mlangoni, amevaa rangi, kanga ya zambarau, akatazama nyuma yangu kuona nani anakuja. Nikamwambia pale pale kuwa macho yamekwisha. Alinishika mkono akakaa kwenye kidaraja, na mimi nikakaa kando yake. Hakulia. Alisema tu kuwa angeliinuka siku ile, bila ya kuuliza, akaenda chumba cha uani kabla hatujasema kitu, ingelikuwa imekwisha. Nikamwambia kulikuwa na mawingu. Akasema kweli, kulikuwa na mawingu.

Tukapanda. Chumba kilikuwa kitupu, mkeka umekunjwa, alama za kitanda sakafuni. Alikuwa ameviosha vioo. Amepanda juu ya ndoo, mwanamke wa umri ule, akaviosha kimoja kimoja.

Nikampigia kaka. Na kwa mazoea, au kwa upumbavu, nikapiga ya video, nikanyoosha simu kuelekea sakafuni, ili apate kuona vizuri. Nikamsikia akisema halo, halo, uko wapi, na kwenye kioo cha simu uso wake umegeukia upande ambao hakuna mtu. Ndipo nikakumbuka. Nikaiweka simu sikioni.

"Niko chumbani kwa mama," nikamwambia. "Jua limeingia."



Nikamweleza. Sikusema shimo na majani. Nikasema manjano imeanguka karibu na kizingiti, nyembamba, imepinda kama kipande cha embe. Buluu iko ukutani, chini ya kidaka cha mwisho, na ndani yake mna ufa. Pale pa kijani pana kivuli cha bati, cheusi, na ukingoni mwake kuna tundu la msumari, limetoboa nukta moja ya jua. Nikasema wekundu uko katikati, ni mpana, si kama mkeka, ni kama shuka iliyotandikwa na mtu aliyetoka mara hii.

"Uko mbali nao?" akauliza.

"Hatua moja."

"Kaa."

Nikavua viatu. Magoti yangu yakalalamika, yule bibi akanishika kwapa, nikateremka mpaka chini. Mikono yangu ikawa myekundu, na kanga, na simu. Yule bibi akasimama mlangoni, akageuza uso.

"Umekaa?"

"Nimekaa, kaka."

"Usinyanyuke mpaka wekundu uondoke wenyewe."

Duniani kuna mambo mengi siyajui, ila kukaa nakujua. Simu tuliiacha wazi. Wekundu ulipanda magotini, ukapanda kifuani, ukanipita begani ukashika ukuta, na pale ukutani ukafifia. Adhana ya magharibi ilipoanza, niliisikia mara mbili, nje ya dirisha, na kwa mbali kidogo ndani ya simu, ikirudi kutoka chumbani kwa kaka.

"Bado?" akauliza.

"Umeondoka," nikamwambia.